Buti Zilizosinyaa Juani

Miguu yangu ni mipana. Nasema mapema ili mtu asije akadai baadaye kwamba nilificha. Mbele imetanuka, kisigino ni chembamba, na kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto kimejitenga na wenzake kana kwamba waligombana. Ni miguu ya mtu aliyekulia Mabawe, kwenye vilima vya Ngara, akishuka na ndoo tupu na kupanda na ndoo iliyojaa. Nilipoolewa huku Bisibo, wilaya ya Biharamulo, nilikuja nayo hiyohiyo, na kwa miaka mingi hakuna aliyeiuliza hali. Ilivaa kandambili. Jumapili ilivaa viatu vya wazi vya plastiki. Siku nyingine zote ilivaa vumbi.

Mambo yalibadilika nilipopata kazi ya barabara. Tulikuwa kikundi, wanawake wengi na wanaume wachache, tukapewa kipande cha barabara ya vumbi tukitunze: kufyeka majani ya pembeni, kuzibua mitaro, kujaza mashimo kwa kifusi, kupanga mawe pale maji ya mvua yanapokata njia. Msimamizi wetu alikuwa kijana msomi mwenye kofia ngumu ya plastiki, mpole wa sauti, mgumu wa sheria. Siku ya kwanza alitusomea mkataba wote, mpaka mahali palipoandikwa kwamba kila mfanyakazi awe na buti imara zinazomkaa. Akatupa mwezi mmoja. Baada ya hapo, alisema, asiyekuwa na buti atampisha mwenzake, na waliokuwa wanasubiri kupishwa walikuwa wengi. Akatuonyesha karatasi ya majina yao, akaikunja, akairudisha mfukoni taratibu ili tuione vizuri.

Mimi nafasi ile niliitaka kwa roho yangu yote. Maharage yalikuwa yametuangusha misimu miwili mfululizo, na unga ndani ya nyumba ulikuwa unatoka barabarani. Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo nilikuwa naona aibu kulisema. Maisha yangu yote jina langu lilikuwa limeandikwa kwenye madaftari mawili tu, la kliniki na la michango ya misiba. Hili la barabara lilikuwa la tatu, na lilikuwa la kwanza kuniita mfanyakazi.

Wiki ya pili jiwe liliniangukia kwenye kidole gumba. Kucha ikawa nyeusi, kisha ikaniaga. Hapo nikaelewa kwamba mkataba haukuwa na maringo, ulikuwa na akili. Malipo ya kwanza yalipotoka nikasema, kabla ya kitu chochote, buti.

Sasa, gulio letu ni Alhamisi, na Alhamisi mimi niko mtaroni. Mume wangu akasema atanichukulia yeye. Ngoja nimweleze mume wangu, maana sitaki mumwone mbaya kabla ya wakati. Si mlevi wa kuokotwa njiani. Hajawahi kuninyooshea mkono. Ni mtu mzuri sana wa maneno, ana sauti ya kikao, akisema "ndugu wananchi" hata kuku wanasimama. Ugonjwa wake ni mmoja tu, anapenda kuonekana. Mungu akimpa shati jipya lazima apite nalo njia ndefu.

Kwetu, ukimtuma mtu akununulie kiatu, unampa kijiti. Unakanyaga chini sawasawa, mtu anakupimia kuanzia kisigino mpaka ncha ya kidole kirefu, anakata. Huyo uliyemtuma anakwenda nacho, anakitumbukiza ndani ya kila kiatu, na kile ambacho kijiti kinalala bila kubanwa na bila kucheza ndicho chako. Mama yangu alipima hivyo miguu yetu sote, watoto sita, kila alipopata cha kuuza. Mguu wake yeye sikumbuki nani aliwahi kuupima.

Basi jioni ile mume wangu alipiga goti mbele yangu uani, akashika kisigino changu kwa mkono wake, akakata kijiti kibichi cha mkaratusi, akachonga alama mbili kwenye ncha ili kisichanganyike na vya watu. Aliniambia nisimame vizuri, nisijikaze. Sitaficha, nilijisikia bibi harusi. Nililala usingizi wa raha.

Alhamisi jioni alirudi na buti begani, kamba zimefungwa pamoja, na alikuwa amepita njia ndefu. Zilikuwa buti kweli. Rangi ya kahawia, ndefu kupita kifundo, soli ina meno, mbele kuna chuma, uzi wa njano umezunguka pande zote. Nikakaa kwenye kigoda, nikaingiza mguu wa kulia. Mguu uliingia, ukaendelea kuingia, na ulipofika mbele, nyuma ilibaki nafasi ya kufugia kifaranga.

Nikamtazama. Akakohoa kile kikohozi chake cha kufungua kikao. Akanieleza kwamba kijiti kilikuwa kibichi, na jua la njiani lilikuwa kali, na mti mbichi ukipigwa na jua husinyaa. Yeye kama mtu mzima alitambua jambo hilo, akaona akifuata kijiti ataniletea buti za kunibana, kwa hiyo akakadiria, akaongeza kidogo. Nikamuuliza kijiti chenyewe kiko wapi. Akasema kimebaki hukohuko, kitu kilichosinyaa cha kazi gani.

Suala la kijiti lilifika kilabuni, kwenye pombe ya ndizi, na likajadiliwa siku mbili. Jirani yetu, mzee wa Kisukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, mvaaji wa ndara za matairi tangu ujana, alisema amejenga mazizi mengi maishani mwake, ameona miti ikikonda, ameona ikipinda, lakini hajaona hata mmoja uliopungua urefu. Wengine wote wakampinga. Walisema mti wa huku si mti wa Shinyanga. Baadaye nikaja kusikia kwamba siku hizo mbili mume wangu ndiye aliyekuwa ananunua.

Nilikuwa na buti, na mwezi wa msimamizi ulikuwa unakaribia kwisha. Mume wangu akasema hebu azijaribu, aone tu kama tatizo ni la buti au ni la mguu wangu. Zikamkaa. Ajabu ya Mungu, zilimkaa kama zilishonewa kwake, akasimama, akatembea mpaka mgombani na kurudi, akageuka, akatembea tena. Akasema kwa huruma kwamba, kwa kuwa kosa limeshatokea, si vibaya tukatumia wote. Siku za kazi mimi, Jumapili yeye.

Basi nikawa najaza matambara. Kipande cha kanga mbele, kipande nyuma, soksi mbili. Jua likipanda matambara yanajikusanya upande mmoja, nami natembea nimeinama kama kuku mwenye funza. Nikishuka mtaroni vidole vinapiga chuma. Nikipanda kisigino kinatoka. Malengelenge yalitumbuka, yakaota mengine juu yake. Wenzangu walicheka wakaniita mwanajeshi, nikacheka nao, na jioni nikichomoa mguu nilikuwa nauma meno.

Jumapili mume wangu alikwenda nazo kanisani. Siku ya kwanza alitoa sadaka mara mbili ili apite mbele mara mbili. Alikuwa akikaa anaunyoosha mguu mmoja nje kidogo ya benchi, kwa watu waliokosa kuona. Waumini walianza kumwita fundi. Fundi wa nini, hakuna aliyeuliza.

Kisha ukaitishwa mkutano wa kijiji wa kuchagua kamati ya kufuatilia barabara. Nilikuwepo, nimekaa chini na akina mama wengine, pekupeku. Mwenyekiti akasema wanahitaji watu wa kazi, siyo watu wa mdomo, watu ambao ukiwatazama tu unaona. Macho ya watu yakaanza kutafuta. Yakashuka, yakafika chini kwa mume wangu, yakatua. Buti zilikuwa na tope mpaka kwenye kamba. Mtu akasema huyu hapa, huyu anatoka kazini moja kwa moja. Mikono ikanyooshwa.

Jamani, lile tope lilikuwa langu. Lilikuwa tope la mtaro nilioshinda ndani yake Ijumaa nzima, nikachoka, nikaziacha buti mlangoni bila kuziosha. Mume wangu hajawahi kubeba karai la kifusi tangu azaliwe. Akasimama, akasema "ndugu wananchi", akashukuru kwa heshima aliyopewa. Nami nikapiga makofi pamoja na wengine. Sijui ni kwa nini nilipiga, mikono ilijiendea yenyewe.

Tangu hapo vikao vikaongezeka, na kila kikao kilikuwa Jumapili yake. Jumanne moja usiku nililala bila wasiwasi, kumbe asubuhi yake ndiyo ilikuwa siku ya kamati kukagua kazi. Naamka Jumatano nakuta buti haziko mlangoni. Yuko nazo mguuni, amezipaka mafuta ya kupikia zing'ae. Nikamwambia leo ni siku ya kazi, buti ni zamu yangu. Akasema ni leo tu, mama watoto, kamati haiwezi kwenda na ndara, itadharauliwa, na kamati ikidharauliwa barabara imedharauliwa. Akaniomba nielewe uzito wa jambo. Akatoka.

Nikaenda na kandambili. Nilijipa matumaini kwamba nitasimama kwenye majani marefu, miguu isionekane.

Msimamizi alitupanga mstari pembeni ya barabara, palipofyekwa tayari, maana wageni walikuwa wanakuja. Akapita anatazama chini, mguu hadi mguu. Alipofika kwangu akasimama. Sauti ilikuwa ya upole vilevile. Akaniuliza buti ziko wapi, nikasema ziko nyumbani, zimelowa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kudanganya kazini.

Kamati ikatokea wakati huohuo, watu wanne, mume wangu katikati, buti zinameremeta. Msimamizi akaona amepata mfano wa kufundishia.

"Tazameni," alituambia, "huyu mzee wa kamati si mfanyakazi, hakuna aliyemlazimisha, lakini oneni miguu yake."

Tukaona. Mimi niliona mpaka ule uzi wa njano. Nikainua macho nikamtazama mume wangu, na nikasubiri. Nilihitaji sentensi moja tu kutoka kwake, na yeye ni mtu ambaye sentensi hazijawahi kumpungukia. Aseme tu kwamba hizi ni za mke wangu, nimeziazima. Wangecheka kidogo, yangekwisha. Mume wangu akatazama mawingu. Akakohoa. Halafu akasema kwa ile sauti yake:

"Usalama kwanza, akina mama."

Nilirudishwa nyumbani. Msimamizi aliniambia nimwone Jumatatu asubuhi, nikiwa na buti zinazonikaa, tena akasisitiza zinazonikaa, kwa sababu hata zile nilizokuwa nazivaa alikuwa ameshaona zinaniumiza. Nisipokuja nazo ataita jina la juu kwenye ile karatasi. Hakuwa mkali. Angekuwa mkali ningepata wa kumchukia, badala ya kutembea njia nzima nikimchukia mtu mmoja tu ambaye nitampikia jioni.

Nililia, nisiseme uongo. Nililia kwa hasira, kule kulia ambako unatembea harakaharaka na machozi yanabaki nyuma. Kilichoniuma zaidi si buti. Kilichoniuma ni lile goti alilopiga uani.

Jioni alirudi mchangamfu, akazivua, akaziweka mlangoni, akanieleza kwamba ukaguzi ulikwenda vizuri. Kuhusu kurudishwa kwangu alisema atalizungumza kwenye kikao kijacho, lipite utaratibu. Nikampa chakula.

Alhamisi asubuhi alipokwenda kuwahamisha mbuzi malishoni nikazichukua buti, nikazifunga kwenye kitenge, nikamkamata jogoo wetu mwekundu, nikaenda gulioni. Sikuiba. Buti ni za jasho langu, na jogoo nilimlea mimi.

Muuza viatu anakaa mwisho wa mstari, baada ya wauza dagaa. Ni mzee wa makamo, ametandaza turubai, na juu ya turubai amepanga buti za mtumba za mguu wa kulia tu. Za kushoto ziko ndani ya gunia alilolikalia. Ndivyo wafanyavyo wote, kwa sababu mwizi wa buti moja hana pa kuipeleka. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikafungua kitenge, nikamwambia nataka kubadilisha, hizi hazinikai, na jogoo huyu ni wa kuongezea.

Akazigeuza, akacheka. Akasema hizi anazikumbuka.

"Mteja wake alikuja na kijiti," alisema, "nikamtolea buti za kijiti chake, zikalala sawa kabisa, akazitazama, akaziweka. Akajaribu hizi kwa mguu wake mwenyewe, akatembea nazo mpaka kwa wauza dagaa na kurudi. Nikamuuliza, na mwenye kijiti je? Akasema mwenye kijiti hana haraka."

Aliyasema hayo huku anakagua soli, kama mtu anayesimulia habari za mvua. Hakujua anazungumza na nani. Mimi nilikuwa nimemshika jogoo kwapani, na nakumbuka jogoo alilia kwa sababu nilimbana.

Nikamuuliza hicho kijiti alikifanya nini. Akavuta kopo la rangi lililokuwa pembeni yake, limejaa vijiti. Watu wakishanunua huviacha, akasema, naye haviwashi moto, huwezi kujua nani atarudi. Akavipekua. Nilikiona kabla yake. Ganda lake lilikuwa limekauka limekuwa la kijivu, lakini zile alama mbili kwenye ncha zilikuwepo.

Nikavua kandambili, nikakiweka chini, nikakikanyaga pembeni. Kisigino kwa kidole. Kilikuwa kimekaa kwenye kopo lile tangu siku ile, kimekauka kama kuni, na hakijapungua hata upana wa ukucha.

"Na zile za kijiti hiki," nikauliza, "zilinunuliwa?"

Akainuka kidogo, akaingiza mkono kwenye gunia alilokuwa amekalia, akachomoa ya kushoto. Ya kulia ilikuwa juu ya turubai muda wote, mbele yangu, nami nilikuwa nimeifunika kwa upindo wa kanga yangu.

Sikuzichukua hivihivi tu. Mtu aliyeumwa na buti anajifunza kuchagua. Niliikunja kwanza, nikaona inakunjika pale vidole vinapokunjika, haikunjiki katikati ya unyayo. Nikaingiza mkono ndani nikapapasa mpaka mbele kama kuna msumari. Nikavuta soli kwa kucha kuona kama imeshonwa au imegundishwa tu; ilikuwa imeshonwa. Nikatazama ulimi wake, umeshikizwa pande zote mbili, maji ya mtaroni yasipite. Zilikuwa nyeusi zisizo na mbwembwe, zimechubuka kidogo kwenye kisigino. Muuzaji akaanza kuniimbia kwamba aliyezivaa mwanzo alikuwa Mzungu wa ofisini, hakuwahi hata kukanyaga jiwe. Nikamwambia anyamaze, naisikiliza miguu.

Nilikuwa nimekuja na soksi za kazi. Nikazivaa, nikavaa na buti zote mbili, kulia na kushoto, nikafunga kamba. Ilikuwa saa tisa, nimeshatembea kutwa, miguu imevimba kidogo jinsi inavyovimba kazini, na hiyo ndiyo saa ya kununua kiatu. Nikapanda kichuguu kilichokuwa nyuma ya gulio, nikashuka. Vidole havikugonga mbele. Kisigino hakikutoka. Nikapiga teke jiwe, mguu haukujua. Hata kidole changu kile kilichojitenga kilipata mahali pake pa kukaa.

Nikapanda tena, nikasimama pale juu ya kichuguu nikashindwa kushuka. Miezi miwili nilijaza matambara kwenye buti za mtu mwingine, na hizi zilikuwa zimelala ndani ya gunia zikinisubiri mimi. Muuzaji akaniuliza kama zinauma. Nikamwambia haziumi.

Akachukua zile kubwa, akachukua jogoo. Nikamwomba na kijiti. Akasema chukua, mama, ni chako.

Nilifika nyumbani mume wangu akiwa anapekua mlangoni, anauliza watoto kama wameziona buti, kesho ana kikao. Nikaziweka zile nyeusi pale pale mahali pa zile za kahawia. Akazitazama. Akainama akachukua moja, akaipindua, akaiweka pembeni ya mguu wake. Ilimwishia katikati ya vidole.

"Hizi ni nini?" akauliza.

"Ni zilezile. Nilizianika leo mchana. Jua lilikuwa kali, zimesinyaa."

Akafungua mdomo. Hapo ndipo akaona kijiti, nilikuwa nimekisimamisha ndani ya buti ya kushoto, ile ncha yenye alama mbili ikiwa juu. Akaufumba mdomo. Alinywea. Akaenda kukaa kwenye kigoda, akaanza kukwangua udongo kwenye jembe ambalo lilikuwa safi.

Ningeweza kumwaga yote, muuza viatu, gunia, mwenye kijiti hana haraka. Maneno yalikuwa yamejipanga mdomoni. Nikaona nikisema atajibu, na akijibu atashinda, kwa sababu kwenye maneno yeye ndiye bingwa. Nikaenda kuinjika ugali.

Jumatatu nilisimama mstarini. Msimamizi akapita anatazama chini, akafika kwangu, akabonyeza kwa kidole mbele ya buti kuona vidole vyangu viko wapi. Akaandika kwenye daftari. Akapita. Ile karatasi ya mfukoni haikufunguliwa. Sikucheka wala sikulia, nilichukua sururu nikaingia mtaroni. Jioni nilirudi nyumbani nikiwa na miguu miwili mizima, na mume wangu alinitengea maji ya moto ya kuikandia bila kuombwa. Nikakanda. Sikumshukuru.

Kwenye kamati alikwenda na ndara. Vikao viwili vya kwanza watu walimuuliza buti ziko wapi, akasema ziko kwa fundi. Kwenye uchaguzi uliofuata mikono ilinyooshwa kwa mtu mwingine, mwenye pikipiki.

Mwaka huu maharage yametuangusha tena, na kikundi kimeongezewa kipande cha barabara. Wanatakiwa wanaume wa kupasua mawe. Mume wangu akajiandikisha. Hakuniambia, nililiona jina lake kwenye daftari, chini ya langu. Msimamizi akawasomea wapya mkataba wote, mpaka pale penye buti.

Siku tatu zilizofuata niliona kitu juu ya bati la banda la mbuzi. Kijiti. Kimebanduliwa maganda, kimewekwa palipo jua asubuhi mpaka jioni. Kila jioni alikuwa anakishusha, anakikanyaga pembeni, anakirudisha. Siku ya nne alinifuata jikoni, akasimama mlangoni, akaninyooshea. Kilikuwa kikavu mpaka kinalia.

"Hiki kimeshamaliza kusinyaa," alisema. Alikuwa anatazama moto, hanitazami mimi. "Kama utapita gulioni."

Sasa mimi nilikuwa na ruhusa ya Alhamisi ile. Nilikwenda nacho mpaka kwa yule mzee, na njia nzima nilikuwa nafikiri mabaya. Nilifikiria buti za kumbana mpaka aote malengelenge juu ya malengelenge. Nilifikiria nimwambie mwenye kijiti hana haraka. Nilikaa mbele ya turubai muda mrefu, kijiti mkononi, na zile buti ndogo za bei ya chini zilikuwa pale, nzuri, zinang'aa.

Nilimchagulia kwa saa nzima. Nilikunja, nilipapasa, nilivuta soli, nilitumbukiza kijiti kikalala bila kubanwa na bila kucheza. Siyo kwamba nilikuwa nimesahau. Nilitaka azivae, afunge kamba, asimame, akose pa kulalamika, na ajue ndani ya mguu wake kwamba ilikuwa inawezekana siku zote.

Alizivaa uani, mbele yangu. Alivaa polepole, kama mtu anayeingiza mguu kwenye maji asiyoyajua. Ukaingia, ukafika, ukakaa. Akakaa hivyo hivyo ameinama, kamba mkononi, hajafunga.

"Zimenikaa," akasema. Hakukohoa kabla ya kusema.

Asubuhi yake tulitoka pamoja saa kumi na mbili, mimi mbele, yeye nyuma, kwa njia fupi. Jua lilianza kuwaka tungali njiani, na mpaka tunafika barabarani hakuna aliyetaja habari za jua.